Tuwaulize Wenyewe

Tarehe 2 Aprili ni siku ya kuwakumbuka watu wenye usonji ulimwenguni kote, kama Umoja wa Mataifa ulivyoamua mwaka 2007. Siku hiyo majumba mengi huwashwa taa za buluu, desturi iliyoenezwa tangu mwaka 2010 na chama cha Marekani kiitwacho Autism Speaks. Twajua nia ya wengi ni njema. Walakini baadhi ya wenye usonji huikataa buluu, wakisema chama hicho hakikuwasikiliza. Wengine wamechagua nyekundu; wengine dhahabu, kwa kuwa alama yake katika kemia, Au, ndiyo mwanzo wa jina la usonji katika lugha nyingi za Ulaya; wengine rangi zote za upinde wa mvua.

Je, haya ni mashindano ya rangi tu? La, ni jambo la heshima. Kipofu Bartimayo alipopaza sauti njiani Yeriko, watu walimkemea anyamaze. Bwana wetu alisimama, akaagiza aitwe, akamwuliza atakalo. Ikiwa Yeye ajuaye yote aliuliza, sisi twawezaje kuamua pasipo kuuliza?

Basi, enyi wazazi na walimu, kabla ya kuchagua kitambaa cha siku hiyo, mwulizeni mwenye usonji aliye kwenu. Asiyesema kwa kinywa husema kwa ishara na kwa uso. Na taa zikiisha kuzimwa, asifichwe chumbani wageni wafikapo, bali apewe nafasi yake mezani, shuleni na kanisani.