Kusaidia si Kunyang'anya Kalamu



Wengi wetu tumewahi kuandikiwa barua na mtu mwingine. Sisi tunasema, yeye anaandika. Tunamshukuru, lakini yapo maneno tunayoyaacha moyoni, kwa kuwa si ya kusikiwa na jirani. Kwa kipofu hali hii yaweza kuwa ya maisha yote. Ndiyo maana tunauliza: je, kumwandikia ni kumsaidia daima?

Huko Italia, mwanzoni mwa karne ya 19, Pellegrino Turri alimtengenezea rafiki yake kipofu, Carolina Fantoni, mashine ya kuandikia. Barua alizoandika kwa mashine hiyo mwaka 1808 zimehifadhiwa. Turri hakujifanya karani wake, alimpa vitufe.

Kompyuta nayo yaweza kutumika hivyo. Kipanya hakimfai asiyeona mshale wake kwenye kioo. Yeye huweka vidole vya shahada juu ya F na J, vitufe vyenye alama ya kupapasa, na kutoka hapo huvijua vingine vyote. Programu ya kusoma kwa sauti humtamkia: akibonyeza mshale wa kulia, husikia herufi, mshale huo pamoja na Ctrl, neno, mshale wa chini, mstari mzima. Ctrl na S, kazi imehifadhiwa. Programu mojawapo, NVDA, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye ni kipofu. Hutolewa bure.

Hapa ndipo penye kishawishi. Anayejifunza huenda polepole. Aliye karibu humhurumia, hushika kipanya, na kumaliza kwa dakika moja. Kazi imekwisha, lakini mwenye kazi amebaki pale pale. Sisi tuliozoea kujaziwa fomu tunajua inavyouma.

Basi tumwache peke yake? Hapana. Iko siku barua ni ya haraka, na iko siku programu inanyamaza. Lakini hata Bartimayo aliulizwa kwanza anataka atendewe nini. Nasi tuulize kwanza. Tusimwambie "pale juu". Tumtajie kitufe, na vidole viwe vyake.

Na barua ikiisha, tusiisome mpaka atuombe.