Mgeni wa Nyota na Jirani wa Munguli

Katika vitabu vya watoto vya safari za angani hushuka kiumbe wa ajabu kutoka sayari nyingine. Watu wazima humkimbilia na bunduki. Mtoto humpa chakula, wakawa marafiki. Wajukuu wetu husoma wakafuta machozi.

Basi hapa mkoani kwetu, Munguli, wilaya ya Mkalama, wako Wahadzabe. Lugha yao ina vidoko, na wataalamu hawajathibitisha kuwa ina ndugu popote. Huchimba mizizi, hurina asali, huwinda kwa upinde. Mtoto yule yule aliyemlilia mgeni wa nyota huigiza vidoko vyao kwa dhihaka.

Kwa nini? Nadhani mgeni wa kitabuni hadai ardhi. Hadithi ikiisha hupanda chombo chake akaenda zake. Mhadzabe haendi. Anahitaji pori lenye mibuyu na wanyama, nasi (wenye njaa pia, nakubali) twalitaka pori hilo hilo kwa mtama na ng'ombe. Ni rahisi kumwita mshenzi mtu unayetaka kufyeka mahali pake. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, mkoani Manyara, walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011 tu.

Walimu wa Shule ya Jumapili, mkisimulia hadithi ya sayari, waulizeni watoto: je, mgeni yule angebaki, angelala wapi?