Mwenzako Akishindwa Njiani

Liko swali ambalo watu wa vijijini kwetu hulijibu kila siku pasipo kulitamka. Mtu akimlipa mwingine ili afanye neno lililompasa yeye mwenyewe, je, deni lake limekwisha? Mwana aliye mjini hupeleka fedha, na mama yake mgonjwa huoshwa na msichana wa kuajiriwa. Jirani hatoki kuchimba kaburi, bali hutoa shilingi zake, na kijana mwenye nguvu huchimba badala yake. Wala hatuwalaumu, mama ameoshwa, na kaburi limechimbwa. Lakini sisi twaliulizwa swali lilo hilo juu ya changarawe za Kibo, saa nane ya usiku, nasi tukalijibu upesi mno. Kwa hiyo twaomba wasomaji waturuhusu tulifikiri tena, hapa chini ambako pumzi inatosha.

Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka 2018. Twalikuwa waalimu wanne, watu wa chini ya mlima, na kama ilivyo kwa wengi waliozaliwa chini ya Kilimanjaro, twalikuwa tumeutazama tangu utoto wala hatujaupanda. Mzee mmoja wa kwetu alipopata habari alituuliza, "Huko juu mmepoteza nini?" Hatukuwa na jibu, na hata leo hatuna lililo zuri. Labda tulichoka kuwafundisha watoto urefu wake, mita 5,895, kana kwamba tumeupima wenyewe.

Njia ya Marangu ndiyo peke yake katika njia za mlima huu yenye vibanda vya kulala wageni. Katika njia nyingine watu hulala hemani. Zamani vibanda viwili vya kwanza viliitwa kwa majina ya Bismarck na Peters, wakubwa wa Kijerumani. Leo vyaitwa Mandara na Horombo, kwa majina ya mamangi wawili wa Uchagani. Kutoka langoni, mahali palipo mita 1,900 hivi juu ya bahari, msafiri hupita katika msitu wa mvua na ndevu za miti mpaka Mandara, mita 2,700. Siku ya pili hutoka msituni, akaingia nyika ya vichaka na majani magumu mpaka Horombo, mita 3,700. Kisha huvuka uwanda mkavu ulio kati ya Mawenzi na Kibo, ambako maji ya kupikia hayapatikani ila kwa kuyabeba, hata kibanda cha tatu kiitwacho Kibo, mita 4,700. Baada ya hapo hakuna kibanda tena. Ukizitazama hesabu hizi utaona ya kuwa kila siku mtu hupandishwa karibu mita elfu moja, na mwili wa binadamu haupendi jambo hilo, kwani kadiri tunavyopanda hewa hupungua nguvu, hata kule kileleni pumzi moja huleta nusu tu ya kile inacholeta pwani.

Kwa sababu hiyo wajuzi hushauri msafiri alale Horombo siku mbili, ili mwili uzoee. Siku hiyo moja huongeza gharama: malipo ya hifadhi, chakula, na ujira wa wapagazi. Sisi twalihesabu fedha zetu, tukaikata siku hiyo. Msomaji na alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Langoni mizigo hupimwa kwa mizani. Amri ni kwamba mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20 za mizigo ya safari, mbali na vitu vyake mwenyewe. Wapagazi hawa hujiita wagumu, na aliyewaona wakipita mbio na mfuko kichwani, huku yeye akijikokota na chupa ya maji, hatasema kwamba ni majivuno. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wetu zamani, kijana wa miaka ishirini na miwili. Aliponyanyua mfuko wetu alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Leo ni zamu yangu kuwabeba." Sote tukacheka.

Kupanda kwa mabega ya wengine si jambo geni mlimani hapo. Hans Meyer alirudishwa na barafu mwaka 1887. Aliporudi mwaka 1889 alikuwa amejifunza neno: aliweka kambi juu, na watu wakamletea chakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache. Tarehe 6 Oktoba yeye na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Muini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao katika kambi ya juu. Kila mtoto wa shule huweza kulitaja jina la Meyer, wachache hulitaja la Purtscheller. Hilo la tatu, ni nani aliyefundishwa?

Twaliondoka kibanda cha Kibo karibu na saa sita ya usiku, kama ilivyo desturi. Kiongozi alitangulia, sisi wanne tukafuatana kwa mstari, na nyuma yetu msaidizi wa kiongozi pamoja na yule kijana wetu, ambaye usiku ule aliongezwa kubeba maji na nguo. Mwenzetu mmoja, aliye mkubwa wetu kwa umri, alikuwa kimya tangu Horombo. Baadaye ndipo tulipojua ya kuwa kichwa kilikuwa kikimwuma tangu siku ya pili, na chakula kilimchukiza. Alificha, kwa kuwa aliogopa kuturudisha sote. Karibu na pango liitwalo kwa jina la Hans Meyer akaanza kupepesuka kama mlevi. Kiongozi alimwamuru atembee kwa kuunganisha kisigino na vidole, naye hakuweza. Akaulizwa jina la shule yake. Akataja shule aliyoiacha miaka kumi iliyopita.

Ugonjwa huu wa mlima ukifika kwenye akili, dawa yake kubwa ni kushuka, papo hapo, pasipo kungoja mapambazuko. Kiongozi alilijua hilo. Akasema, "Huyu anashuka sasa hivi pamoja na vijana wangu wawili. Je, yuko mwalimu atakayeshuka naye?" Pakawa kimya. Kisha mmoja wetu akasema, "Vijana hawa wanaijua njia kuliko sisi, nao wamelipwa." Maneno hayo yalikuwa kweli yote. Taa tatu zikageuka, zikateremka polepole, nasi tukaendelea.

Neno hili "sisi" ni pazuri pa kujifichia, na waandishi hulipenda. Basi na tuseme wazi: aliyetamka maneno yale ndiye anayeshika kalamu hii.

Tulifika Gillman's, mita 5,685, jua likichomoza nyuma ya Mawenzi. Kwenda mpaka kilele cha Uhuru hatukuweza, nguvu zilikuwa zimekwisha. Uzuri wa pale wengine wamekwisha kuusimulia.

Sasa tufikiri. Atakayetutetea atasema kwamba mgonjwa alihitaji mkono wenye nguvu na mguu unaoijua njia, na vitu hivyo hatukuwa navyo. Mwalimu asiyejua kuteremka changarawe gizani angeweza kuwa mgonjwa wa pili. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hamhitaji mumewe, amhitaji mkunga. Twaikubali hoja hii, nasi tumeitumia mara nyingi usiku usingizi unapokawia. Lakini hata mkunga akiwapo, mume huketi nje ya mlango. Hatuendi kumtafuta katika karamu. Hana la kufanya pale nje, kila mtu ajua, na bado asipokuwapo, mke atalikumbuka jambo hilo hata uzeeni. Basi iko haja nyingine mbali na ile ya mkono wenye nguvu, na haja hiyo haijazwi na mtu kwa sababu ya ustadi wake, bali kwa sababu yeye ni fulani na si mwingine.

Wengine watatukumbusha habari ya Msamaria, ambaye naye alimlipa mwenye nyumba ya wageni akaendelea na safari yake, wala hakulaumiwa. Ni kweli, na yafaa watu waitaje, maana wengi huisoma kana kwamba fedha haimo. Lakini tazama utaratibu wake. Alifunga jeraha kwanza, akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akamtunza usiku ule, ndipo alipotoa fedha. Tena aliahidi kurudi. Fedha yake ilifuata nyuma ya mikono yake. Yetu ilitangulia. Twalikuwa tumelipa kabla ya kuanza safari, tukadhani kwamba tumenunua hata yale ambayo hayakutajwa katika mapatano.

Tena Msamaria hakuwa amemjeruhi mtu yule. Na hapo twarudia ile siku tuliyoikata. Kama tungelala Horombo mara mbili, labda kichwa cha mwenzetu kingetulia, au angalau ugonjwa wake ungeonekana mchana, mahali penye vitanda. Hatuwezi kuapa kwamba ingekuwa hivyo. Lakini twajua ya kuwa fedha ya siku ile ilibaki mifukoni mwetu wanne, na hasara yake ilimwangukia mmoja. Mpita njia ana deni la huruma tu. Sisi twalikuwa na deni la haki, na deni la namna hiyo si rahisi kumpa mwingine akalilipe kwa miguu yake.

Mwezi wa Mei mwaka 2006, katika mlima Everest, Mwingereza mmoja alikufa kando ya njia, na wapandaji wengi walimpita. Baada ya siku chache, katika mlima uo huo, Dan Mazur na wenzake walimkuta Lincoln Hall wa Australia, ambaye usiku uliotangulia alikuwa amedhaniwa amekwisha kufa. Wakakiacha kilele, wakakaa naye hata wakaja watu wa kumteremsha, naye akapona. Hatudhani kwamba waliopita mara ya kwanza walikuwa watu wabaya. Huenda wengine hawakumwona vema, na wengine walidhani yuko pamoja na watu wake. Kila mmoja hudhani yuko mwingine ambaye kazi hiyo ni yake, na katika giza na baridi dhana hiyo hukubalika upesi. Sisi hatuna hata udhuru huo. Hatukudhani; twalimjua huyo mwingine kwa jina, twalimfundisha kuandika.

Jioni ile tulipofika Horombo twalimkuta mwenzetu ameketi kitandani anakunywa supu. Walikuwa wamemkokota mpaka kibanda cha Kibo, na kutoka hapo akateremshwa katika machela ile yenye gurudumu moja. Kadiri alivyoshuka ndivyo akili zilivyomrudia. Alitupa mkono, akasema, "Hongereni, ndugu zangu." Tukamjibu kwa maneno machache.

Yule kijana alitungoja nje karibu na jiko. Akasema, "Mwalimu, naomba kuwaambia neno. Njia nzima alikuwa akiuliza, 'Wenzangu wako wapi?' Mimi nikamwambia mko nyuma yetu, mnakuja. Akituliza moyo, anatembea. Akianza kuuliza tena, namwambia tena. Nisameheni, nilisema uongo."

Tukamtazama kijana huyu, ambaye darasani tulipata kumchapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Ujira wake una hesabu: kilo, siku, shilingi. Siku ya mwisho twalimpa bakshishi mbele ya wenzake, naye akashukuru. Lakini uongo ule tungeulipa kwa hesabu gani? Aliusema kwa sababu kweli yenyewe isingefaa kusemwa kwa mgonjwa. Na kweli hiyo ilikuwa kazi ya mikono yetu. Tena alikuja kutuomba sisi msamaha. Mtu aweza kuajiriwa kuubeba mfuko wetu. Twauliza kama aweza kuajiriwa kuwa sisi, kusimama mahali petu na kuitikia jina letu. Na kama akijaribu, kama alivyojaribu kijana huyu tangu saa nane ya usiku mpaka asubuhi, ni kitu gani ambacho humlazimu kukitoa katika nafsi yake mwenyewe.

Tusije tukaeleweka vibaya. Mwana aliye mjini na aendelee kupeleka fedha, maana mama hali maneno. Wala msichana anayemwosha mama asidharauliwe. Huenda ndiye pekee amjuaye vema mama huyo sasa. Ila mwana huyo asishangae akija akamkuta mama akimwita msichana yule kwa jina lake yeye.

Langoni twalipewa vyeti, sisi watatu. Mwenzetu hakupewa, wala wapagazi hawapewi. Cha kwetu kimo sandukuni.

Miaka ilipita kabla hatujamweleza mwenzetu mambo yalivyokuwa. Tulipomweleza mwisho alicheka, akasema kwamba alijua tangu usiku ule, hata katika kuchanganyikiwa kwake. Kwa maana mtu akiteremka nyuma yako changarawe husikika zikiporomoka, naye alisikiliza njia nzima, asisikie kitu. Kisha akatuuliza kama sasa tunazo fedha za siku sita. Tumeanza kuweka akiba.