Akiugua Kesho, Nani Ataongoza?

Serikali ilipofunga Nairobi na viunga vyake kwa ajili ya korona jioni ya Aprili 6, 2020, mpaka upande wetu uliwekwa kwenye daraja la Mto Chania. Ruiru na Thika zikabaki ndani, Murang'a ng'ambo ya mto ikawa nje. Kufikia hapo ibada za pamoja zilikuwa zimesitishwa tangu Machi. Kwenye barabara ya mtaa wetu hapa Ruiru, ambako makanisa ya mabati yamepangana na hadwea na vibanda vya chipsi, Jumapili ikapita bila kipaza sauti hata kimoja.

Ibada ilihamia kwenye simu. Mwenye bando alifuata Facebook, asiye nayo akafungua redio, na sadaka ikatumwa kwa M-Pesa. Nikadhani basi, mambo yametengenea. Lakini shosho mmoja jirani yangu, ambaye redio yake haikuzimwa tangu alfajiri, aliniuliza, "Sasa mwanangu, nani atakuja kuniombea?" Mahubiri alikuwa nayo tele. Aliyemkosa ni mtu anayejua kwamba goti lake linauma.

Julai milango ilifunguliwa kidogo. Baraza la viongozi wa dini, lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri, lilitoa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 au juu ya 58 wabaki nyumbani. Piga hesabu. Kanisa lenye waumini 600 wa umri ulioruhusiwa lilihitaji ibada sita, na wazee wengi waliozoea kuziongoza walikuwa wamevuka umri huo. Ghafla kila mahali pakatafutwa watu wa kuongoza, na ikabainika kwamba makanisa mengi yalikuwa na mhubiri mmoja na wasikilizaji mamia.

Si kwamba hatukuwa na mfano wa waumini wa kawaida kuongoza. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu, wakikutana Nairobi chini ya umoja wao, AMECEA, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe nguzo ya kazi yao. Majirani hukutana nyumbani kwa zamu, husoma Maandiko, hutembelea mgonjwa, huchangia mazishi, na anayeongoza ni mlei. Kabla ya hapo, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930 ukibebwa na watu wengi wasio na daraja lolote la kanisa. Waliimba wimbo wao wa Tukutendereza sebuleni, wakaungama mbele ya wenzao, wakakubali kukosolewa nao.

Hilo la kukubali kukosolewa ndilo ninaloliona likisahaulika tunapowafunza waanzilishi wa jamii mpya za ibada, vikundi vidogo vya majirani kama hivyo. Tunawafundisha kuhubiri, kuomba kwa sauti na kuvuta watu. Hayo yana nafasi yake, ila mwenye kipawa atayapata hata bila darasa. Darasa linahitajika kwa yale ambayo kipawa hakiyaleti: kusikiliza mpaka mwisho, kumwambia mgonjwa aende hospitali na kumsindikiza, kuhesabu sadaka pamoja na mtu mwingine na kuisoma hesabu hadharani, kumpa kijana nafasi ya kuongoza ukiwa bado na nguvu za kumsahihisha. Paulo alimwagiza Timotheo awakabidhi mafundisho watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine. Mnyororo huo hukatika pale mmoja anapojifanya ndiye mwisho wake.

Wapo wanaosema mambo haya ya mafunzo ni urasimu, kwamba Roho hahitaji cheti. Nakubali kuhusu cheti. Lakini mwaka 2023 tuliona msitu wa Shakahola, Kilifi, ukifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu walioaminishwa wafunge hadi kufa. Kikundi hakiwi salama kwa sababu tu ni kidogo au kinakutana mbali na makanisa makubwa. Huwa salama pale kiongozi anapoweza kuulizwa, na muulizaji akarudi nyumbani bila kuitwa muasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na sisi waumini ni hodari wa kusifu.

Mji wangu una haja kubwa ya jamii hizi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu 490,000 Ruiru, wengi wao wageni waliofuata nyumba za kodi nafuu kuliko za Nairobi. Katika ploti ya vyumba thelathini, mtu anaweza kulala njaa wiki nzima huku jirani akisikia redio yake tu. Makongeni kule Thika hali si tofauti: mfanyakazi wa kiwanda akisimamishwa kazi, kama ilivyotokea kwa wengi wakati wa korona, hahitaji kwanza kwaya. Anahitaji watu kumi wanaojua mlango wake.

Kwa hiyo unapoalikwa kwenye mahafali ya viongozi wapya, usiulize wameanzisha vikundi vingapi. Mwulize kila mmoja: ukiugua kesho, nani ataongoza Jumapili? Fedha ya sadaka, nani mwingine anajua iko ngapi? Na ni lini mara ya mwisho mtu wa kikundi chako alikupinga, na leo bado mnasali pamoja? Asiye na majibu arudishwe darasani, hata kama anahubiri watu wakalia.