Je, Ofisi Yaweza Kuomba Radhi?

Wazee wa Ufipa husema kuwa jina la Sumbawanga ni amri: mgeni autupe uchawi wake kwanza, ndipo akaribishwe. Katika amri hiyo kutupa kunatangulia kukaribishwa. Utaratibu huo, ndugu msomaji, sisi tulio katika ofisi huugeuza mara nyingi, tukataka kukaribishwa kabla hatujatupa kitu.

Masimulizi ya nyanda hizi yaeleza kuwa hapo kale nchi ilikuwa chini ya Ntatakwa, mtemi wa Milansi, kando ya mlima. Siku moja alikwenda kuwinda, akamwonya mkewe kwamba wageni wakija asiwape kiti chake. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali. Mke akalegea, na kiti kikakaliwa. Mtemi aliporudi hapakumwagika damu. Wageni wale, waliokuwa asili ya ukoo wa Watwa, walipata utawala wa nchi. Milansi akabaki na kijiji chake, mlima wake, na heshima ya ukubwa. Yuko atakayesema kuwa hadithi hiyo ilipambwa na washindi. Huenda ni kweli. Lakini tazama jambo moja: hata washindi hawakuthubutu kuisimulia bila kukiri kuwa kiti kilikuwa na mwenyewe.

Sasa tuulize. Mtu akimkosea mwenziwe, moyo humsuta, akaenda kuomba radhi. Ofisi haina moyo. Ina faili na mhuri. Aliyetia sahihi amekwisha hamishwa au amestaafu, na anayekalia kiti leo alikuwa mtoto wa shule siku dhuluma ilipotendeka. Ataombaje radhi kwa kosa asilolitenda?

Hoja hiyo huvutia, nami niliishika kwa miaka mingi. Niliiacha nilipotambua kuwa ofisi ile ile haisemi hivyo inapodai. Hati ya shamba iliyotiwa sahihi na marehemu, ofisi huitetea mahakamani kama iliyoandikwa jana. Deni la zamani hulidai pamoja na riba. Basi chombo kinachorithi mali kinawezaje kukataa kurithi lawama?

Mfano ulio wazi sana katika nchi yetu ni ule wa Hanang. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, yapata ekari laki moja, mahali ambapo Wabarbaig walikuwa wakilisha ng'ombe wao. Nia haikuwa mbaya: taifa lilitaka mkate. Lakini trekta halina macho. Njia za kupitishia mifugo zilifungwa, na makaburi ya wakubwa wao, yale yajengwayo kwa vilima vya udongo na kuadhimishwa kwa miezi mingi, yalipitiwa na majembe. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki. Mahakama Kuu iliwapa haki; Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985, ikisema, pamoja na mengine, kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mtu ambaye babu yake amezikwa mle shambani atakiwa kuthibitisha wenyeji wake! Sheria ilinena, upatanisho haukuwako.

Na Kanada yenyewe ilikuwa na wenyeji wake wa asili, waliotenganishwa na watoto wao kwa kupelekwa shule za bweni ili wasahau lugha zao. Waziri Mkuu aliomba radhi bungeni tarehe 11 Juni 2008, na mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Upatanisho ikatoa miito 94 ya utendaji, mmoja ukiyahusu makampuni: yaombe ridhaa kabla ya kuanza mradi, na yawafundishe wafanyakazi wao historia hiyo. Huko Australia, tangu mwaka 2006, mashirika huandika mipango ya upatanisho na wenyeji wa asili, yenye kazi, tarehe na jina la mhusika. Wako wanaoicheka mipango hiyo kuwa ni makaratasi. Mimi mtu wa makaratasi siicheki. Ofisi isiyo na moyo, dhamiri yake itakaa wapi isipokuwa katika maandishi ambayo mrithi wa kiti atayakuta mezani? Hatari iko kwingine, katika swali la nani aliyekuwapo yalipoandikwa.

Niliwahi kutumwa pamoja na wenzangu katika kijiji kimoja cha huku nyandani, kilichokuwa na ugomvi wa ardhi na taasisi fulani. Tulikuwa na mpango uliokwisha pigwa chapa: kisima, madawati, na sherehe ya kupeana mikono. Mwenyekiti wa msafara wetu alifungua kwa kusema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mzee mmoja, aliyejifunga blanketi kwa ajili ya baridi, aliinuka taratibu.

"Mwanangu," alisema, "hata mganga huuliza maradhi yalianza lini. Ninyi hamjauliza."

Tulitazamana. Mwenyekiti akapekua makabrasha yake kana kwamba jibu lilikuwa mle. Hatimaye mimi, niliyekuwa mdogo kuliko wote msafarani, niliambiwa nifungue daftari. Mzee akaketi, akaanza kutaja mashamba, moja moja, na majina ya waliokuwa wakiyalima. Mvua ilinyesha ikakoma naye bado anataja. Karatasi zenye mpango wetu zilibaki ndani ya mkoba; siku ile hatukuzitoa.