Kupandisha Bei Usiyokusudia Kuilipa

Mnada wenyewe ni halali. Mtume (s.a.w.) alinadi tandiko na bakuli vya mtu mmoja katika Answari, mmoja akataja dirhamu moja, mwingine akatoa mbili, akauziwa huyo. Alichokikataza ni najash, yaani kupandisha bei ya kitu bila nia ya kukinunua, ili mwingine ahadaike. Waarabu walilitumia neno hilo pia kwa kumkurupusha mnyama ili anaswe, na sura hiyo inatosha kueleza.

Sasa mnada umehamia kwenye simu. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimwadhibu muuzaji wa eBay aliyekuwa na akaunti mbili: kwa moja anauza, kwa nyingine anapandisha bei ya mali yake mwenyewe. Alishtakiwa kwa kanuni za mwaka 2008 za kuwalinda walaji.

Je, aliyelipa bei ya namna hiyo ana haki ya kurudisha mali? Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, mdanganyaji amepata dhambi lakini mauzo yanasimama, kwani mnunuzi alizembea kuwauliza wajuzi wa bei. Imam Malik anampa hiari ya kurudisha. Mahanbali humpa pia, iwapo amepunjwa kupita kiasi.

Kwa heshima zote kwa wanachuoni wetu, naona hoja ya uzembe ililifaa soko la ana kwa ana. Pale unamtazama usoni anayeshindana nawe, unakigeuza kitu mkononi, unamnong'oneza jirani. Kwenye skrini kuna jina la bandia na dakika zinazokwisha. Ni kweli, bei ya simu mpya utaipata intaneti; ya laptopu iliyotumika miaka minne utamuuliza nani? Hata sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 iliiona tofauti hiyo: anayenunua kwa mfanyabiashara kupitia mtandao ana siku 14 za kurudisha, lakini mnada ambao watu wanaweza kuhudhuria wenyewe umeondolewa humo.

Kwetu hapa chuoni minada hufanyika kwenye magrupu ya WhatsApp, na hakuna askari atakayekuja. Rafiki wa hosteli anakuandikia, "Hebu niwekee dau kidogo, watu wachangamke." Anayesubiri upande wa pili ni mwanafunzi mwenzako, na hiyo elfu tano unayomwongezea huenda ndiyo nauli yake ya kurudi nyumbani.