Mlio wa Kisu cha Mjomba

Mjomba wangu wa Ruaruke alikipenda kile kisu cha kukunja kuliko redio yake. Mwanawe alimletea kutoka Kariakoo. Hakikuwa na jina la mtengenezaji, ila umbo lake lilikuwa lile ambalo kampuni ya Buck ya Marekani ililitoa mwaka 1964: mpini wa mbao wenye shaba huku na huku, na ubapa mpana wenye ncha kali. Ni kisu cha wawindaji. Yeye alikatia kamba na mihogo, na siku za shughuli alichunia mbuzi.

Kilistahili kupendwa. Mpini ulijaza kiganja, vidole vyote vinne vikapata pa kukaa. Akikifungua, kilitoa mlio mmoja mkavu: ta! "Umesikia, mpwa?" aliniuliza kila mara. "Hapo kimekaza."

Mlio huo ulikuwa wa jino. Mgongoni mwa mpini umelala utepe mnene wa chuma, kichwani una jino, chini yake springi. Ubapa ukifunguka hadi mwisho, jino huangukia kwenye pengo lililochongwa kwenye shina la ubapa, na kisu hakikunjiki mpaka utepe ubonyezwe. Loki yote ni hiyo. Jino likiishia njiani kabla ya kufika chini ya pengo, ubapa husimama wazi vilevile, na kwa kutazama juujuu huoni tofauti. Visu vingi vya Opinel vya Ufaransa vina pete ya chuma shingoni, aliyoibuni Marcel Opinel mwaka 1955; hiyo unaizungusha mwenyewe na kuiona imefunga. Loki ya mgongoni hujifunga yenyewe, ndiyo maana watu huiamini bila kuikagua.

Tena si kila ukataji unaoipa kazi. Ukikandamiza makali kwenye mhogo, mhogo wenyewe unausukuma ubapa ubaki wazi. Loki hubeba mzigo unapochoma kwa ncha, au ubapa ukinasa nawe ukauvuta kinyume. Mtu anaweza kukata kamba mwaka mzima kwa kisu chenye loki mbovu asijue.

Siku ya Idi ya kuchinja, mbuzi alitundikwa kwenye tawi la mwembe, mjomba akaanza kuchuna. Wageni wakaingia. Akapangusa ubapa kwa jani la mgomba, akakikunja, akaenda kuwapokea. Ndani ya mpini mafuta na manyoya yakaganda. Aliporudi na kukifungua sikusikia ta. Nilisikia pu, kama mlango uliobana nguo. Nilikuwa nimeshika mguu wa mbuzi, karibu kabisa, na sikusema kitu. Yeye ni mkubwa kwangu, na kisu ni chake. Kimya kile bado kinaniuma.

Akachoma ncha kwenye kiungo cha goti. Ikagonga mfupa, ubapa ukajikunja. Mpini uliovipa vidole pa kukaa ndio uliovipanga sawasawa kwenye njia ya makali.

Mkaza mjomba akavua ushungi wake, tukamfunga mkono, bodaboda ikamkimbiza Kibiti. Ngozi ilishonwa, ikapona. Lakini kano zinazokunja kidole cha kati na cha pete zilikuwa zimekatika, na hadi leo vidole hivyo havikunjiki vizuri. Mnazi hapandi tena.

Kisu bado anacho. Akimaliza kazi hukiosha kwa maji ya moto na sabuni kikiwa wazi, huchokoa pengo kwa kijiti cha chelewa, hukianika, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye msumari wa mkunjo. Kabla ya kukitumia huondoa vidole njiani, akaugandamiza mgongo wa ubapa taratibu kwenye gogo, akatazama kama utepe umelala sawa na shaba.

Idi iliyofuata kijana wa jirani alikiazima, akakifungua, akamwinamia mbuzi.

"Ngoja," nikasema, mjomba hajafungua mdomo. "Hebu kikunje, ukifungue tena."